Tando za Mwili Wetu: Kila Mlango na Bawabu Wake

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho, tangu utosini mpaka nyayoni, na tena ndani ya matumbo, mapafu na figo. Hakuna siku hata moja tuwezayo kuishi bila ya kitu hicho, walakini ni wachache wakijuao kwa jina lake. Nacho ni ule utando mwembamba uufunikao mwili kwa nje na kuutandika kwa ndani.

Ukimwuliza mtu, "Mwili wako umefunikwa na nini?" atajibu mara moja, "Umefunikwa na ngozi." Jibu hilo ni la kweli, lakini halijatimia. Ngozi haikomei midomoni. Tazama katika kioo, utaona ya kuwa ngozi ya shavu yageuka ikawa ngozi laini ya mdomo, na ile ya mdomo yageuka ikawa utando mwekundu wenye majimaji ulio kinywani. Utando huo washuka kooni, waingia tumboni, wafuata matumbo yote katika mizunguko yake, hata utokee upande wa pili na kukutana tena na ngozi ya nje. Mwili basi ni mfano wa nyumba yenye ukumbi upitao katikati, toka mlango wa mbele hata mlango wa uani. Mgeni asimamaye ukumbini hajaingia chumbani. Vivyo hivyo wali tulioula, ukiwa bado matumboni, haujaingia mwilini kwa hakika, ungali ukumbini. Ili uingie, hauna budi kupita katika utando. Hewa tuivutayo nayo haifiki katika damu ila kwa kupita utando, wala mkojo haufanyiki katika figo ila kwa kupita utando.

Twapenda wasikilizaji washike neno moja leo, na mengine yote yatalifuata. Neno lenyewe ni hili: kila mahali mwilini pana utando wa namna yake, uliofaa kwa kazi ya mahali hapo, na utando ukiacha umbo lake, kazi yake hupotea, na maradhi hupata njia.

Kwanza na tujue utando huo umefanywa kwa nini. Mwaka 1665 Mwingereza mmoja, jina lake Robert Hooke, alitoa kitabu akaeleza jinsi alivyotazama kipande cha gamba la mti kwa hadubini, yaani chombo cha vioo kikuzacho vitu vidogo. Aliona vijumba vidogo vidogo vilivyopangwa kama sega la nyuki, akaviita kwa neno lenye maana ya vyumba vidogo. Neno hilo ndilo asili ya neno letu la leo, seli. Baadaye ilijulikana ya kuwa viumbe vyote, mimea na wanyama na binadamu, vimejengwa kwa seli. Mwaka 1858 tabibu wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alifundisha kwamba kila seli huzaliwa na seli iliyoitangulia, na ya kuwa asili ya maradhi yapasa kutafutwa katika seli zenyewe.

Wataalamu huuita utando tunaousema kwa jina la epithelia. Jina hilo lilitungwa na tabibu wa Uholanzi, Frederik Ruysch, mwanzoni mwa karne ya 18. Aliliunda kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake "juu ya", na la pili "chuchu", kwa kuwa alikuwa akichunguza ngozi nyororo ifunikayo vinundu vidogo mfano wa chuchu vilivyo mdomoni. Tangu hapo jina likapanuka, likawa la tando zote za namna hiyo. Sisi katika mazungumzo haya tutasema utando, na zikiwa nyingi, tando.

Tando zote zina tabia nne zinazofanana. Ya kwanza, seli zake zimeshikamana sana, kama vigae vya sakafu vilivyopangwa na fundi hodari, hata hapana nafasi kati ya kimoja na kingine. Ya pili, kila utando una uso mmoja ulio wazi, uelekeao nje au uelekeao tundu la ndani, na upande wa chini umekaa juu ya msingi uushikao. Ya tatu, utando hauna mishipa ya damu. Chakula chake huupata kwa kupenyeza kutoka chini. Jambo hili mwaweza kulipima wenyewe. Mtu akikwaruzwa kidogo na mwiba, mara nyingine huona mstari mweupe tu pasipo tone la damu. Hapo mwiba umekwaruza utando peke yake. Damu ikitoka, jueni ya kuwa mwiba umepita utando ukafika chini yake. Ya nne, seli za utando huchakaa upesi, na upesi huzaliwa nyingine kushika mahali pake.

Wanawake wa pwani waijua tabia hii ya nne pasipo kufundishwa na mtu. Bibi arusi hupakwa hina, nayo hukolea zaidi viganjani na nyayoni, kwa kuwa ndipo palipo na seli nyingi zilizokufa na kukauka kuliko pengine. Baada ya wiki mbili tatu hina hufifia. Haifutwi na maji na sabuni tu, bali zile seli zilizoshika rangi zimepukutika, na zilizokuwa chini zimepanda juu. Lakini chale walizochanja Wamakonde wa zamani nyusoni mwao hazikufutika maisha, maana kisu kilipita utando kikafika katika ngozi ya chini, ambayo haipukutiki.

Sasa tuje katika namna zake. Mtu atakaye kuutambua utando huuliza maswali mawili tu. Swali la kwanza: seli zake zimepangwa safu moja au safu nyingi? La pili: umbo la seli ni lipi, ni bapa kama magamba ya samaki, ni sawa pande zote kama dadu, au ni refu kama nguzo? Kwa majibu ya maswali haya mawili twaweza kuzitambua karibu tando zote za mwili.

Namna ya kwanza ni utando wa seli bapa zilizo safu moja. Huu ndio mwembamba kupita zote, nao hupatikana mahali ambapo kitu chapasa kupita upesi. Katika mapafu hewa huishia katika vifuko vidogo sana, ambavyo idadi yake katika mtu mmoja ni zaidi ya milioni 300. Kuta za vifuko hivyo zimetandikwa seli bapa, na nyuma yake imepita mishipa midogo ya damu, nayo pia imetandikwa seli bapa. Mahali palipo pembamba, hewa na damu hutenganishwa na kitu kisichofika sehemu moja ya elfu ya milimita moja. Kama tungalivikunjua vifuko vyote na kuvitandaza chini, vingalifunika yapata mita 70 za mraba, ndio kusema sakafu ya nyumba kubwa. Kwa njia hiyo hewa safi huingia katika damu, na hewa chafu hutoka, kila tuvutapo pumzi. Lakini utando mwembamba namna hii hauwezi kustahimili msuguano. Ungaliwekwa unyayoni usingalidumu hata hatua kumi.

Namna ya pili ni utando wa seli zilizo sawa pande zote, kama dadu. Seli hizi zina nafasi ya kutosha ndani yake kwa vyombo vya kazi, nazo ni stadi wa kuchagua na kusafirisha. Twazikuta katika mifereji midogo ya figo. Kila siku figo za mtu mzima huchuja katika damu maji yapatayo lita 180. Kama maji hayo yote yangalitoka nje, mtu angalikufa kwa kiu kabla ya jua kuchwa. Lakini seli za mifereji huyarudisha katika damu karibu yote, pamoja na sukari na chumvi iliyo njema, zikaacha kiasi cha lita moja na nusu hivi iende zake pamoja na taka. Mama atiaye nazi iliyokunwa katika kifumbu hukamua tui akaacha machicha. Figo nazo huchagua hivyo, usiku na mchana, wala hazipumziki.

Namna ya tatu ni utando wa seli ndefu kama nguzo, nao ndio uliotanda tumboni na matumboni. Tumboni seli hizi hutoa ute mzito ulindao ukuta wa tumbo usiliwe na maji makali yasagayo chakula. Katika utumbo mwembamba, ambao urefu wake kwa mtu mzima ni yapata mita 6, utando umekunjwa na kuinuliwa vidole vidogo vidogo, kila kimoja kisichozidi milimita moja, na juu ya kila seli pana vijidole vingine visivyoonekana ila kwa hadubini. Kwa mikunjo hiyo eneo la matumbo hufika yapata mita 30 za mraba. Seli za mahali hapa huishi siku chache tu, kiasi cha siku tatu hata tano, kisha hubanduka, na nyingine huzaliwa.

Twaomba mtuvumilie tulieleze jambo moja la utando huu, maana limeokoa roho nyingi. Mtu akipatwa na kipindupindu, sumu ya vijidudu huziamuru seli za matumbo zimwage chumvi na maji bila kiasi, hata mgonjwa hukauka akafa kwa saa chache. Walakini utando wenyewe haukubomoka. Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Robert Crane, alieleza ya kuwa katika seli hizi pana mlango upitishao sukari na chumvi kwa pamoja, mkono kwa mkono, na maji hufuata nyuma. Mlango huo hauzibwi na sumu ya kipindupindu. Mwaka 1968 matabibu waliokuwa Dhaka, mji ambao leo ni mkuu wa Bangladesh, walionyesha ya kuwa mgonjwa aweza kurudishiwa maji yake kwa kunywa tu. Mwaka 1971 wakimbizi wa vita walijaa katika kambi ya Bongaon huko Uhindi, na kipindupindu kikawaingilia. Dawa ya kutia mishipani ilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi, na vifo vikapungua hata chini ya wagonjwa 4 katika kila 100.

Kwa hiyo mtoto akiharisha, msimnyime maji kwa kudhani ya kuwa mnamzidishia. Mpeni dawa ya maji ya chumvichumvi ipatikanayo zahanati. Ikiwa haipo, chukueni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, mtie vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyo sawa na ukingo, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, mkoroge, mkampe kidogo kidogo huku mkimpeleka kwa mganga. Msizidishe chumvi, kwani ikizidi hudhuru. Sukari hiyo si ya kumfurahisha mtoto. Ndiyo imshikayo chumvi mkono na kumpitisha mlangoni.

Namna ya nne twaikuta puani na katika koo la pumzi lishukalo mapafuni. Hapa pia seli ni ndefu, lakini hazilingani kimo; ukizitazama wadhani ni safu nyingi, kumbe zote zimesimama juu ya msingi mmoja. Nyingi kati yake zina vinyweleo juu ya vichwa vyao, yapata 200 kwa seli moja, na katikati yao zimekaa seli nyingine zitoazo ute. Vumbi, masizi na vijidudu vikiingia pamoja na hewa hunasa katika ute huo. Ndipo vinyweleo hupiga kasia kwa pamoja, mara kumi na zaidi kwa kila nukta moja, kama mabaharia wa mtepe mmoja wenye kufuata wimbo mmoja, na kuusukuma ute kwenda juu mpaka kooni, tukaumeza au tukautema. Kazi hiyo haina kelele, nasi hatuijui mpaka siku inapokoma.

Namna ya tano ni utando wa safu nyingi. Safu za chini huzaa, na za juu ni bapa, nazo huchakaa na kupukutika, kama makuti ya paa: mvua na jua huyala ya juu, lakini ya chini hubaki yamesitirika. Utando huu umewekwa mahali penye msuguano. Ulio kinywani na kooni hukaa na umajimaji, nao hustahimili mfupa wa samaki na ugali wa moto. Ulio juu ya ngozi ni mkavu, maana seli zake za juu zimekufa na kujaa kitu kigumu cha asili moja na kile cha kucha na pembe. Sehemu nyingi za mwili unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini unyayoni hupita milimita nzima. Hauruhusu maji kutoka ovyo, wala vijidudu kuingia.

Hata hivyo wako wezi waujuao ukuta huu. Mwaka 1898 huko Kairo mtaalamu wa Ujerumani, Arthur Looss, alimwagikiwa mkononi na maji yenye mabuu ya safura. Ngozi ikamwasha na kuwa nyekundu, na baadaye akayaona mayai ya minyoo hiyo katika choo chake mwenyewe. Ndivyo ilivyojulikana ya kuwa safura haingii kwa kinywa tu, bali hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Mabuu yake hukaa katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi cha watu. Basi choo cha shimo na viatu si mambo ya fahari. Ni msaada kwa utando ambao peke yake haumwezi adui huyu.

Namna ya sita imewekwa katika kibofu cha mkojo. Utando wake ni wa safu nyingi, lakini haufanani na wa ngozi. Kibofu kikiwa kitupu, seli zake za juu huvimba kama mito ya kulalia. Kikijaa, hulala bapa na kunyumbuka, na ukuta ukawa mwembamba pasipo kupasuka wala kuvuja. Juu ya hayo, seli hizo huuzuia mkojo usirudi katika damu. Ni kiriba kinyumbukacho, tena kisichovuja hata tone.

Tena tusisahau tezi. Pengine utando huchipua mizizi ikaingia chini katika nyama, na seli za mizizi hiyo hujifunza kazi ya kutengeneza majimaji. Hivyo ndivyo zilivyo tezi za mate, na tezi za jasho ambazo mtu mmoja anazo milioni 2 hata 4, na tezi za maziwa katika matiti ya mama. Mtoto anyonyaye huishi kwa kazi ya utando.

Basi tumeziona namna zake, na kila moja tumeiona mahali pake. Sasa twarudi katika neno lile la kwanza: utando ukiacha umbo lake, kazi yake hupotea. Yako mambo matatu yatokeayo katika nchi zetu ambayo huulazimisha utando wa ndani ugeuke uwe mfano wa ngozi. Huenda mtu akasema, "Ngozi ni ngumu, si afadhali?" Hapana. Ngozi ni njema mahali pake. Mlango ukizibwa kwa ukuta wa mawe, nyumba haikupata nguvu, imepoteza mlango.

La kwanza ni moshi. Mtu avutaye tumbaku kwa miaka mingi, moshi hulegeza kwanza vinyweleo vya koo la pumzi, kisha huviangamiza. Seli ndefu zikishindwa, mwili hupanda mahali pake seli bapa za safu nyingi, zisizo na vinyweleo. Hizo hustahimili moshi, lakini haziwezi kupiga kasia. Ute hubaki chini pamoja na masizi na vijidudu, na mtu hana budi kuutoa kwa kukohoa. Kikohozi cha mvutaji kila asubuhi ndiyo kazi ya vinyweleo vilivyokufa, ikifanywa kwa kifua. Katika utando uliogeuka hivyo ndipo saratani ya mapafu hupata mwanzo mara nyingi. Wala si tumbaku peke yake. Mama apikaye kwa kuni juu ya mafiga katika chumba kisicho na dirisha huvuta moshi mwingi, na mtoto aliye mgongoni mwake huvuta pamoja naye, na watoto wa namna hiyo hushikwa zaidi na kichomi, yaani homa ya mapafu. Ilijulikana zamani ya kuwa masizi ni adui wa tando: mwaka 1775 tabibu Percivall Pott wa London aliandika habari za saratani iliyowapata wasafishaji wa mabomba ya moshi kwa sababu ya masizi yaliyoganda katika ngozi zao.

La pili ni kukosa vitamini A katika chakula. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Marekani, Wolbach na Howe, waliwalisha panya chakula kisicho na vitamini hiyo, wakaona ya kuwa tando laini za macho, za njia ya pumzi na za mwahali pengine zilikauka na kuwa ngumu kama ngozi. Hayo hayo huwapata watoto wetu. Kwanza mtoto hupapasa jioni, haoni vema gizani. Kisha weupe wa jicho hupoteza mng'ao, ukakauka. Mwisho kioo cha jicho hulainika na kupata kidonda, naye huwa kipofu maisha yake. Na kwa kuwa tando za pumzi na za matumbo zimeharibika vilevile, mtoto huyo hufa upesi kwa surua au kuharisha. Mwaka 1986 ilitangazwa habari ya utafiti uliofanywa Aceh, Indonesia, chini ya daktari Alfred Sommer: katika vijiji ambavyo watoto walipewa vitamini A, vifo vyao vilipungua kwa kiasi cha theluthi moja.

Dawa ya jambo hili iko shambani na jikoni. Iko katika maembe yaliyoiva na mapapai, katika maboga na viazi vitamu vya rangi ya machungwa, katika mchicha, kisamvu na matembele, katika maini na mayai, na katika mafuta mekundu ya mawese watumiayo wenzetu wa Kigoma na wa Kongo. Mboga za majani zikitiwa mafuta kidogo huzidi kufaa, maana vitamini hii hupita katika utando wa matumbo pamoja na mafuta. Tena mtoto aliyefika miezi 6 hupewa matone ya vitamini A kliniki, mara mbili kwa mwaka, mpaka afikapo miaka mitano. Mpelekeni kwa siku iliyowekwa, wala msimpe zaidi ya kipimo.

La tatu ni kichocho. Mabuu yake hutoka katika konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu aogaye au afuaye katika maji hayo, na yale ya namna iliyoko pwani, pamoja na Unguja na Pemba, hukomaa na kutaga mayai katika mishipa ya kibofu. Kila yai lina mwiba. Mayai hukwama katika ukuta wa kibofu, yakauchoma na kuutia uvimbe miaka kwa miaka, na mkojo hutoka na damu. Utando ule unyumbukao huchoka, ukageuka kuwa wa seli bapa, na katika baadhi ya watu hugeuka tena kuwa saratani. Mwaka 1911 tabibu Ferguson wa Kairo aliandika juu ya uhusiano huo. Wako watu wadhanio ya kuwa kijana akikojoa damu ni dalili ya kubalehe. Hayo si kweli hata kidogo. Damu hiyo ni kilio cha utando unaochomwa. Kijana apelekwe hospitali apewe prazikwanteli, dawa imezwayo kwa vidonge, kabla ukuta haujageuka.

Ndugu zetu, saratani nyingi za watu wazima huanzia katika tando hizi, kwa kuwa ndizo zikabilianazo kwanza na kila kitu kitokacho nje, na ndizo zizaazo seli mpya kila siku. Lakini kuzaa huko ndiko kutupako matumaini. Mtu aachaye tumbaku mapema, vinyweleo vyake huweza kuota tena na kufanya kazi. Mtoto apewaye vitamini A kabla kioo cha jicho hakijapata kidonda huweza kuona vema. Utando hujijenga wenyewe, mradi tusizidi kuubomoa kila siku.

Wanafunzi, mkitaka kujikumbusha mazungumzo haya, jiulizeni kila mlapo, kila mvutapo pumzi na kila mkanyagapo udongo: hapa bawabu ni nani, na kazi yake ni ipi? Nanyi wazee na akina mama, toboeni dirisha jikoni moshi upate njia, chimbeni choo, vaeni viatu, pandeni papai na mchicha karibu na nyumba, na mtoto akojoapo damu msicheke wala msisubiri. Mabawabu hao hawana sauti wala mshahara. Waomba tu wasizidishiwe adui.